Farasi wa Raushan

Siku hizi kila dombra, zeze la Wakazaki, lazima ifungwe kidude kinachotamka kwa maneno yale ambayo nyuzi zake mbili zinasimulia. Bibi Kulpash alikishukuru sana, maana mkamwana wake Raushan hakuwa akimjibu neno. Kazi yake kupiga dombra tu, na bibi alitaka kujua kama anasemwa nyumbani mwake.

"Farasi wanakimbia," kikatamka kidude. Siku arobaini, farasi watupu.

Asubuhi moja Kulpash akaitwaa dombra mwenyewe, akapiga chuki yote aliyokuwa nayo kwa marehemu mama mkwe wake.

"Farasi wanakimbia."

Raushan, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akamwekea chai, macho chini kwa adabu. "Umepiga vizuri, mama. Nami farasi wangu ni hao hao."

Kulpash akaitazama ile chai, asiinywe.