Kipimo Kwenye Mfinyanzi

Tangu watu wakatazwe kufungua maji ya mfereji kwa mikono yao, mashamba ya bondeni yalimwagiliwa kwa amri ya vipimo vilivyofukiwa ardhini. Udongo ukikauka, kipimo kiliamuru na lango likafunguka lenyewe. Kila kitalu, yaani mashamba ya majirani yanayotumia lango moja, kilipewa kipimo kimoja tu, na mwaka ule aliyetumwa kukifukia katika kitalu cha kwao alikuwa Gwantwa.

Majirani wote walilima kwenye mfinyanzi, udongo unaotunza maji. Shamba la baba yake, mzee Ambilikile, lilikuwa kichanga kitupu, kinachokauka upesi.

"Kifukie hapa kwetu, mama," baba alimsihi.

"Nikikifukia hapa, baba, maji hayatafungwa. Vitunguu vya wenzetu vyote vitaoza."

Mzee aliinama, akaokota jembe lake, akaondoka.

Gwantwa alikifukia kwenye mfinyanzi. Vitunguu vya majirani vilinenepa, na vya baba yake vikanyauka mbele ya lango lililofungwa. Majirani walimshukuru Gwantwa. Baba hakumlaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomkata maini.

Shamba lilipokufa, Gwantwa akamchukua mzee, wakaishi pamoja mjini. Asubuhi moja alimkuta jikoni, kikombe mkononi, amesimama mbele ya bomba.

"Fungua tu, baba."

"Nasubiri lifunguke," mzee akajibu kwa upole.

Gwantwa akamfungulia, akakijaza kikombe. Mzee alikishika kwa mikono miwili, asinywe.

"Wenzetu wameshapata?" akauliza.