Pengwini wa Kiota cha Tisa

"Bado," alisema Daktari Fiorella, akaiweka chini fimbo yake yenye kioo cha kuchungulia mashimo ya viota. "Wa kiota cha tisa hajarudi."

Mzee Saturnino alitema mate pembeni. Ilikuwa Jumatano. Jumamosi binti yake Yulisa alikuwa anaolewa kule Chincha, na yeye, baba mzazi, amekwama kwenye kisiwa cha mawe na samadi ya ndege mbele ya pwani ya Peru. Kisa? Ndege mmoja asiye na haraka!

"Daktari, huyo keshaliwa na simba-bahari. Andika amekufa, tuite boti."

"Siandiki nisichokijua."

Hapo ndipo alipombana. Pengwini tisa walikuwa wamebandikwa kidude mgongoni kwa utepe, kionyeshe wanakokwenda kuwinda dagaa na wanazama kina gani. Wanane walikwisharudi. Sheria ya kisiwa inasema kidude kikiwa bado baharini, boti haisogei, maana pengwini wakisikia injini hukimbia viota, na shakwe humaliza vifaranga. Saturnino aliijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote. Miaka kumi na tisa ya ulinzi amewafukuza wavuvi kwa filimbi mpaka kifua kinamuuma. Leo sheria imemgeukia mwenyewe.

"Kwani kaenda wapi huyo? Sokoni?"

"Maji yamepata joto, Mzee. Dagaa wamehamia kusini. Safari ya siku mbili sasa ni ya siku tano."

"Na leo ni ya ngapi?"

"Ya saba," alisema daktari, bila kumtazama.

Jioni walikula wali na samaki wa kukaanga. Saturnino alikuwa mtu wa kusimulia hata akiwa na hasira.

"Ungeniona kwenye harusi ya dada yake Yulisa! Nilipiga pombe ya pisko mpaka nikaangukia keki, ile ya ghorofa tatu. Baba yake bwana harusi akajitia kunishika mkono. Nikamtandika moja, meno mawili chini! Chincha wanaisimulia mpaka leo."

Daktari hakucheka. "Yulisa alifanya nini?"

"Yulisa? Alikuwa na miaka kumi na tano. Alilia. Watoto si hulia?" Alichokonoa mwiba wa samaki. "Lakini sasa nimekauka, daktari. Miezi mitatu sijaonja hata tone. Nataka nimshike mkono mwanangu nimfikishe madhabahuni, basi. Sina haja nyingine duniani. Na mtoto mwenyewe ana adabu, ulimsikia. Ijumaa iliyopita kwenye redio, tumemaliza salamu, akaomba aongee na wewe akushukuru kwa kunitunza. Nikatoka nje niwapishe. Wangapi siku hizi wana adabu hiyo?"

Daktari aliinuka, akaanza kuosha sahani ambayo bado ilikuwa na chakula.

Alhamisi Saturnino alikizunguka kisiwa mara nne. Kukimaliza ni robo saa tu, unarudi palepale, bahari pande zote na harufu ya samadi inakukaba koo. Milima ya bara ilikuwa ile pale, inaonekana kabisa. Alikuwa ameitundika suti yake kwenye msumari, na kila akirudi ndani aliikung'uta vumbi jeupe. Moyo ulimuuma jamani, mtu mzima alitamani kulia.

"Nakupigia magoti, daktari," alisema usiku ulipoingia.

"Ngoja arudi. Na usisogelee kiota cha tisa. Ukimkurupusha ndege wangu nitakuandikia ripoti."

Ijumaa, saa tano na nusu mchana, uzalendo ulimshinda. Daktari akiwa ndani anaandika, Saturnino alichukua ile fimbo yenye kioo, akatambaa kwa tumbo mpaka mdomoni mwa shimo la tisa, akachungulia.

Jike alikuwemo. Ndiye yuleyule, mwenye kovu mdomoni. Vifaranga wake wawili walikuwa wamenenepa, matumbo yamejaa dagaa. Mgongoni hapakuwa na kidude. Kilikuwa kimebanduliwa taratibu, kwa mkono uliozoea, na manyoya yalikwishalala vizuri. Hiyo haikuwa kazi ya leo wala ya jana.

Aliingia nyumbani bila kubisha.

"Tangu lini?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Jumapili."

"Jumapili! Umenifungia hapa siku tano, mwanamke wewe, kwa ajili ya hesabu zako za dagaa! Huna mtoto wewe? Huna haya?"

"Saturnino, kaa kwanza. Tafadhali, kaa."

Saa sita kamili redio ikakoroma. Ni desturi, kila Ijumaa adhuhuri familia za walinzi hukusanyika katika ofisi ya bandarini kuwasalimia watu wao walioko visiwani. Daktari alinyoosha mkono aizime. Saturnino akausukuma, akanyakua kipaza sauti.

"Yulisa! Mwanangu, nisikilize. Ndege alirudi tangu Jumapili! Huyu mama ananidanganya, ananizuia huku makusudi. Waambie walete boti sasa hivi, jioni nitakuwa nyumbani. Suti ninayo, kila kitu ninacho. Yulisa? Unanisikia?"

Redio ilikoroma, kisha sauti ya Yulisa ikaja.

"Nakusikia, baba. Usimgombeze daktari, mimi ndiye niliyemwomba. Boti itakuja Jumapili. Chakula tutakuwekea."