Muhuri wa Kiwanda

Kila asubuhi kompyuta inayoendesha nyumba yangu inapojiwasha hujikagua, na chochote kisicho na muhuri wa kiwanda kilichoiunda hukifuta. Eti inatulinda. Hata sauti ya marehemu mume wangu, Shebe, niliyoiweka iwe inaitikia hodi, huifuta. Nami kila siku huirudisha kutoka kwenye simu yake.

Jana nikiwa sokoni, wezi walipiga hodi. Muhuri wa kiwanda walikuwa nao, mlango ukafunguka. Wakabeba kila kitu, hata simu ile.

"Nilimsikia Shebe akiwakaribisha," jirani yangu Mwanaasha aliniambia. "Nikajua ni wageni wenu."

Leo asubuhi nyumba imejiwasha na kujikagua.

"Uko salama," imesema. "Kitu kigeni kimoja kimefutwa."

Nimetoka nje, nikapiga hodi mlangoni pangu mwenyewe.

"Jitambulishe," nyumba imejibu.