Kigae cha Athene

Karatasi za kura zilikuwa na Wagiriki mgongoni. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mbonile, alikuwa amechana daftari la Historia la binti yake Loisi, ambaye huandika upande mmoja tu wa ukurasa, akakata kila karatasi vipande vinne. Upande mweupe ulikuwa wa kuandika jina la mwizi. Upande wa pili ulibaki na mwandiko wa binti: bonde, mlima, bahari, baraza la raia.

Mwalimu Lusajo alipokiona kipande chake, alisimama.

"Mwenyekiti, jambo hili nani kakufundisha?"

"Wewe, Mwalimu."

Watu waliojaa mbele ya ghala la kahawa wakacheka.

"Loisi ametusomea nyumbani," Mbonile aliendelea. "Waathene walichukua vigae vya vyungu vilivyovunjika, kila raia akaandika jina. Aliyetajwa na wengi akahama mji. Sasa sisi vigae vyetu ndivyo hivi."

Magunia manne ya kahawa yalikuwa yametoka ghalani bila kufuli kuvunjwa. Na kila mtu alijua jina litakaloandikwa. Ezron, kibarua aliyekuja kutoka milima ya Ileje miaka mitatu iliyopita, alikuwa amekaa chini peke yake. Nyuma yake alikuwa mkewe, Tumaini, na mtoto mgongoni. Hapa Mbozi hawakuwa na ukoo wa kuwasemea, wala hawakupewa kura. Jina la Ezron likizidi mengine, wangehama kabla jua halijazama, na mahindi yao yangebaki shambani yangali mabichi.

"Mmesikia nusu ya somo!" Lusajo alipaza sauti. "Wagiriki walianza kama sisi. Vijiji vidogo, kila kimoja na bonde lake, milima ikiwatenga na majirani. Ardhi ya mawe, nafaka haitoshi. Wakapanda mizeituni, wakaingia baharini kuuza mafuta yake, wakachukua herufi kwa wafanyabiashara wageni wakazifanya zao. Mwisho wakakaa uwanjani kama hivi, mkulima na fundi viatu, wakasema sheria iwe yetu sote, si ya mtu mmoja. Hapo ndipo walipokuwa wakubwa! Na kigae hakikuwa cha kumsaka mwizi. Mwizi alipelekwa mahakamani, akajitetea, akasikilizwa. Kigae kilikuwa cha kumpunguza mkubwa aliyeanza kujiona mfalme!"

Neno la mwisho alilisema akimkazia macho Mbonile. Vijana wa bodaboda waliosimama nyuma wakapiga mluzi.

"Leo Mwalimu kaja na moto!"

Mbonile hakukasirika. "Hotuba tumeisikia, Mwalimu. Ezron kaiba, hakuiba?"

"Hakuiba."

"Unasema kama ulikuwepo."

"Mtu huyu hata stendi ya Tunduma kule mpakani haijui ilipo! Magunia manne angempelekea nani? Mnamwandika kwa sababu hana shangazi hapa, basi. Waoga wakubwa nyinyi!"

"Haya, wewe usiye mwoga, mtaje aliyeiba. Simama hapa mbele, mtaje. Tuchome hizi karatasi, twende tukapalilie."

Tumaini aliinua uso. Lusajo akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ilimsimama. Alimtazama Ezron, kisha akawatazama wanafunzi wake waliopanda ukutani kusikiliza.

"Kura ni siri," alisema hatimaye. "Nitamwandika."

"Ndicho tunachokwenda kufanya wote, mwalimu wetu. Kaa."

Akakaa kwa kishindo, benchi likalia.

Waliandika. Wasiojua kuandika waliwanong'oneza wajukuu zao, ingawa wengine hawakujisumbua kunong'ona.

"Andika huyo wa Ileje," alisema Bibi Ruti kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Jina lake nani vile?"

Hakuna aliyeona haya.

Mbonile alisoma mwenyewe, kipande baada ya kipande. "Ezron. Ezron. Ezron." Vilipokaribia kwisha alisita, akakisogeza kimoja mbali na macho, halafu akaangua kicheko.

"Huyu kaandika Mwalimu Lusajo!"

Uwanja mzima ulilipuka.

"Wanafunzi hao, wamechoka fimbo!"

"Nani kampa mtoto kura?"

"Mwalimu, wewe tukupeleke Athene yenyewe ukaishi!"

Mbonile alifuta machozi ya kicheko, akakitupa kile kipande chini, akaendelea kusoma. Vilivyobaki vyote vilikuwa vya Ezron. Jumla yake, mia moja na kumi na mbili.

Ezron alikwenda kwenye kibanda chake, akafunga godoro kwa kamba, akajitwisha. Tumaini alibeba masufuria ndani ya ndoo. Walipopita tena uwanjani, Ezron alisimama mbele ya mwalimu, akainamisha kichwa kiasi godoro lilivyomruhusu.

"Asante, Mwalimu. Leo hapa nimeona mtu mmoja tu."

"Nenda!" Lusajo alifoka, macho yamemwiva. "Nenda zako, usinishukuru!"

Watu walimwonea huruma Mwalimu. Walisema kijana yule ana moyo, haki ya mwenzake inamuuma kama kidonda chake. Lakini katika vipande mia moja na kumi na tatu vya siku ile, kimoja tu ndicho kilichomtaja mwizi, na Lusajo ndiye aliyekiandika.