Taa ya Nyumba ya Mtoni

Warina asali wa mji ule waliweka kisanduku cha umeme katika kila nyumba. Ndoo ya asali ikipimwa kwa mmoja wao, visanduku vyote vilitunza kumbukumbu ileile ili asiwepo wa kuchakachua, na juu ya kisanduku chake taa ndogo, moja kwa kila nyumba, zikawaka kuonyesha nyumba zilizoshuhudia.

Kwenye kisanduku cha Zawena, taa ya mwisho ilikuwa ya mumewe, Mahimbo. Walipogombana, alihamia nyumba ya mtoni, nayo ikawekewa kisanduku chake. Hakupiga simu hata siku moja, lakini kila Zawena alipopima asali, taa ile ilijibu. Tangu masika haikuwaka tena.

“Niiondoe tu, mama,” alisema fundi Salome, bisibisi mkononi. “Mmoja akikosekana, waliobaki wanatosha.”

“Kwa asali, wanatosha,” alisema Zawena.

Salome akairudisha bisibisi mfukoni, akaaga.

Zawena aliweka ndoo tupu kwenye mizani, akabonyeza kitufe cha kisanduku. Taa zikaanza kuwaka, moja baada ya nyingine. Akasogeza kigoda, akaikinga ile ya mwisho kwa kiganja, jua la dirishani lisije likamdanganya.