Ng'ombe Mfupi na Wageni wa Uchungu

Jamani, sogeeni mcheke! Ng'ombe Mfupi alishikwa na uchungu asubuhi ya Julai, baridi ile ya kung'ata masikio. Alikuwa hoi. Akilala chini asukume, anasikia, "Hodi!"

Na heshima zake zile! Anajizoa, anasimama, anaitikia, "Karibu." Ndama naye anarudi ndani.

Akaingia Bata. "Pole, shoga! Mie ningetaga tu, nikaenda zangu mtoni." Akaja Kondoo kushangaa, akaja Mbuzi kumsema Kondoo. Hodi, karibu, hodi, karibu, lala, simama, lala, simama. Akajua akisimama tena, ndama atamfia tumboni.

"Hodi!" Punda huyo, na maneno yake.

Safari hii Ng'ombe hakunyanyuka. Akasema kwa sauti ya kuchoka, "Karibuni wote. Kwetu sisi, aliyemkuta mzazi kwenye uchungu ndiye anayemlea arobaini. Kuchota maji, kumkanda, kuzoa mavi ya ndama, siku arobaini nzima. Nani anaanza?"

Weee! Bata akakumbuka mayai yake. Kondoo na Mbuzi wakakwama mlangoni kwa kugombania kutoka. Punda alishafika mbali, anapiga kelele, "Nitapita kesho, dada!"

Zizi likanyamaza. Ng'ombe akasukuma, akasukuma, ndama akatoka, kadogo hako, anafuka mvuke. Akamlamba mpaka akakauka, kisha akalaza kichwa palepale, akasinzia.

Na Bata? Huko mtoni anatangaza eti yeye ndiye aliyemzalisha!