Mti Uliohitaji Baridi

Mti ulitoka kwenye chumba cha barafu ukinuka samaki wa mbuta, na haukuwa na jani hata moja.

"Nilikuambia," Nyasuguta alisema, akiuweka juu ya kreti tupu nje ya kiwanda cha samaki alikofanya kazi. "Krismasi majani yaligeuka mekundu. Nikakutumia habari. Ulinijibu nini?"

"Nilisema uuache humo humo."

"Basi si niliuacha."

Truphena aliuzunguka ule mti. Ulikuwa mfupi kuliko sufuria ya ugali, shina nene kama mkono wa mtoto, umepandwa kwenye kibakuli cha udongo kisicho na kina. Wageni waliofika nyumba ya mradi wa miti, ambako yeye alikuwa mpishi, walidhani ni mche uliodumaa kwa kukosa mbolea. Kumbe ulikuwa umemzidi umri kila mtu pale. Bwana Sugita, mkuu wa mradi, aliurithi kwa baba yake huko Japani, ambako miti ya aina hiyo hupogolewa makusudi ibaki midogo, akaja nao Homa Bay akiupakata ndegeni.

"Labda umechoka tu," Truphena alisema.

"Yawa, sikiliza huyu! Mama Liz, mimi nimezaliwa kwenye chai. Kwetu Kisii baridi ikiunguza majani yakawa mekundu hivyo, mzee wangu alikuwa anaomba panga. Hapo huna mti. Una kuni."

Truphena aliufunga mti kwenye leso, akaenda zake bila kuaga. Bwana Sugita alikuwa anarudi siku hiyo hiyo.

Alikuwa ameondoka Novemba, ghafla, mama yake akiwa mgonjwa. Kabla ya kuondoka alimwita Truphena sebuleni, akamwonyesha mti kama mtu anayemwachia mwenzake mtoto.

"Kwetu sasa ni miezi ya baridi," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mti huu lazima ulale. Hapa ni joto, miaka minne haujalala. Utakufa kwa uchovu. Utafutie baridi, Mama Liz."

"Baridi kiasi gani?"

"Kama ya friji. Usigande, lakini. Na usiutoe mpaka nirudi." Kisha akaongeza, "Ukiweza hili, nitajua nani wa kumpa nyumba ya Migori."

Nyumba ya Migori! Mradi ulikuwa unafungua ofisi huko na ulihitaji msimamizi wa nyumba ya wageni. Barnabas wa stoo alikuwa ameshaanza kupiga pasi mashati. Lakini Truphena hakuwa akitafuta cheo. Watoto wake, Liz na Duke, walikaa Migori kwa nyanya yao, naye aliwaona mwisho wa mwezi tu. Safari ya mwisho Duke alimsalimia kwa kumpa mkono, kama anavyosalimiwa mgeni, halafu akarudi kucheza.

Kwa hiyo hakubahatisha. Alipoona ufukwe wote wa ziwa una joto, alimwendea Nyasuguta, nao wakauficha mti nyuma ya kreti za mbuta. Habari ya majani mekundu ilipofika, alikataa kuutoa. Amri ni amri.

Sasa alisimama jikoni, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, akaupima mti kwa macho na akafikiri haraka, kama alivyozoea. Mti uliokufa una mkosaji mmoja, tena anajulikana kwa jina. Mti ulioibwa mkosaji wake hajulikani.

Kibakuli alikisukuma chini ya tenga la kuku. Mti aliukata vipande vitatu kwa panga, akavisokomeza mekoni chini ya birika la chai.

Vikagoma kushika moto. Vilifuka moshi mwembamba, mtamu, na povu likachuruzika kwenye ncha zake.

"Maji ya barafu hayo," alijisemea, akainama kupuliza mpaka machozi yakamtoka.

Ndivyo Bwana Sugita alivyomkuta. Alikuwa ameshika begi mkono mmoja na funguo mkono wa pili.

"Mama Liz! Unalia?"

"Bwana Sugita, mti wako." Machozi yalikuwepo tayari, akayatumia. "Umeibwa. Jana. Nilikuwa nimeutoa nje kuusafisha ukusubiri, nikageuka kidogo tu."

Bwana Sugita aliweka begi chini. Hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa rahisi zaidi.

"Mti ulikuwaje?" aliuliza.

Hapo Truphena aliona mlango wa Migori umebaki wazi kidogo. "Mzuri! Nani angeiba mti mbaya? Nilikuwa nimeuweka kwenye chumba cha barafu cha samaki, miezi yote mitatu. Majani tele, ya kijani kibichi. Halikudondoka hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja. Mungu shahidi."

Bwana Sugita alikaa polepole kwenye kigoda. Truphena akammiminia chai, kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi.

"Basi haukulala," Bwana Sugita alisema. "Ukilala vizuri, majani huwa mekundu, kisha huanguka yote. Unabaki kijiti. Asiyejua husema umekufa. Ukirudi kwenye joto, wiki mbili, unachipuka." Akazitazama zile funguo za nyumba ya Migori, akazirudisha mfukoni. "Si kosa lako. Nilikuwa naomba tu nikute kijiti."

Alichukua kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akasita. Akainamisha pua kwenye mvuke, kisha akageuka kuutazama moshi wa mekoni, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, akatabasamu.

"Mama Liz, chai hii inanukia kama nyumbani kwa baba yangu. Umetumia kuni gani?"